Nilivyocheza chess na Mama mwenye hoteli huku bingwa wangu yuko kwenye simu, chooni

Wakuu, heshima kwenu nyote, mliolala na mlioamka.

Kisa hiki ni cha kweli, na ushahidi wangu ni mmoja tu: mjinga wa kisa ni mimi. Mtu akitunga huwa anajipa nafasi nzuri kidogo. Mimi sikujipa.

Kwa ufupi kuhusu mimi. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa, ni miguu tu iliwasha. Nimeuza mananasi kibandani pale Kerege. Nimeanika kamba Saadani mpaka paka wa kijiji kizima wakawa wananifuata kama msafara wa harusi. Nimelinda ghala ambalo halikuwa na kitu ndani. Kila kazi nakaa miezi mitatu, minne, halafu nasikia mahali fulani kuna jambo jipya, naenda kulitazama.

Katika kuzunguka huko nikatua Bagamoyo, mtaa wa Dunda, kwa mchonga vinyago mmoja. Nitamwita Fundi Salehe. Yeye anachonga, mimi napiga msasa mpaka mpingo unang'aa. Kwa sababu nauliza maswali mengi, akanipa jina la Profesa.

Fundi anachonga seti za chess kwa ajili ya watalii. Amechonga miaka mingi na hajui kucheza hata kidogo. Yeye ni mtu wa drafti za vizibo vya soda. Siku ya kwanza nilimuuliza inakuwaje mtu achonge kitu asichokitumia.

Akasema, "Nimeshatengeneza na jeneza, Profesa. Ulitaka nijaribu kulala?"

Kuna kitu kimoja kwenye seti zake naomba mkishike kichwani. Kwa Fundi Salehe, malkia ni mrefu kuliko mfalme. Kwenye seti za dunia nzima mfalme ndiye mrefu. Nilipomweleza hilo hakuinua hata uso kwenye patasi.

"Nina miaka thelathini kwenye ndoa. Usinifundishe nani mrefu ndani ya nyumba."

Mkewe, Bi Asha, alikuwa anachambua mchele mlangoni. "Msikilize mwenzio, Profesa," akasema. "Hapo anakusomesha bure."

Basi. Kusugua wafalme kutwa nzima bila kujua wanatawala nini kukanishinda. Nikapakua app ya chess kwenye simu yangu, hii hii yenye kioo kilichopasuka.

Level ya kwanza nikaifunga siku ya pili. Level ya pili nikaifunga baada ya siku nne. Ya tatu ilinichukua wiki, na nilipoifunga nikaanza hata kutembea tofauti. Nikafika kijiweni nikatangaza kwamba mimi nafunga kompyuta.

Sikusema level. Na hakuna aliyeuliza.

Kisha nikapandisha mpaka ya juu kabisa, nione wakubwa wanachezaje. Wakuu, nilikuwa sijakaa vizuri, mfalme wangu tayari yuko kona na hana pa kukanyaga. Nikarudia. Nikafungwa haraka zaidi. Nikaingia mtandaoni kusoma, maana nikishaumizwa na kitu lazima nijue jina lake. Ndipo nikagundua kwamba wanadamu walishakubali yaishe siku nyingi. Hata mabingwa wa dunia hawashindani tena na hizi programu, wanakaa mbele ya mashine kama wanafunzi. Sisi tunafuata njia mbili tatu kichwani, tunachoka, tunawaza chakula. Yenyewe inapita njia kwa mamilioni, haichoki, na ukiitukana haisikii.

Hapo akili yangu ikafanya hesabu mbaya kuliko zote nilizofanya tangu kidato cha pili. Kama simu inamfunga bingwa wa dunia, na simu ni yangu, basi bingwa ni nani?

Sasa twende kwenye tukio lenyewe.

Msimu ulikuwa umelala. Wageni wachache, wanapita, wanashika kinyago, wanakirudisha. Fundi alikuwa ameanza maneno ya kufunga banda arudi kwenye mashamba ya mihogo ya wakweze. Patasi zake alizokuwa hazitumii alishazifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati. Bi Asha alikuwa hazungumzi habari hiyo, na ukimya wake ndio ulinitisha.

Ndipo akaja Mama Tabu. Ana hoteli ndogo ufukweni, kaskazini ya mji. Alitaka seti ya chess kwa kila meza ya barazani kwake. Ile oda ilitosha kuzirudisha patasi chini. Lakini alikuwa na sharti.

"Seti bila mtu ni pambo tu," akasema. "Nataka anayezileta aniletee na mtu wa kukaa na wageni, acheze nao. Nikikosa mtu, nachukua viti vya uvivu, naachana na chess."

Fundi Salehe, Mungu amweke, akaninyooshea kidole. "Yupo! Huyu hapa. Huyu anafunga kompyuta."

Mama Tabu akanitazama kuanzia kandambili mpaka vumbi la mpingo kichwani.

"Vizuri. Kesho asubuhi nakuja nicheze naye."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilisema, "Karibu sana mama."

Kesho yake akaja na miwani yake na khanga begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukakaa. Fundi upande mmoja, Bi Asha mlangoni. Mama Tabu akanyanyua kete ndefu, akaigeuza.

"Huyu mrefu ndiye malkia?"

"Ndiye," akasema Fundi.

"Safi," akasema Mama Tabu, akamrudisha mahali pake.

Hatua kumi za mwanzo nilicheza kwa kichwa changu. Alianza kwa kuniuliza habari za nyumbani na huku anakula farasi wangu. Yule mama anajua. Alifundishwa na baba yake tangu mdogo, na anacheza polepole, kama mtu anayechagua vitunguu sokoni.

Nikaona oda inaondoka. Nikashika tumbo.

"Samahani mama, nakuja."

Kwa wasioijua pwani yetu: huendi chooni bila kopo la maji. Nikajaza kopo, nikatoka nalo nyuma ya banda, nikaingia kwenye choo cha mabati, nikachomoa simu. Joto, nzi, jasho linadondokea kioo. Nikapanga kete kama zilivyo mezani. Programu ikafikiri kwa muda ambao nzi anahama ukuta mmoja kwenda mwingine, ikanipa jibu.

Nikarudi, nikacheza. Mama Tabu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Hatua chache mbele nikapotea tena. Nikashika tumbo tena.

"Umekula nini wewe?" Bi Asha akauliza.

"Pweza wa jana, mama."

"Mbona pweza tumekula wote?"

"Labda wangu alikuwa na mguu wa ziada."

Nikarudi nikacheza hatua nyingine ya kutisha. Mchezo ukageuka. Fundi haelewi chess, lakini uso wa mtu anayeanza kushindwa anaujua, drafti imemfundisha. Akaanza kutikisa goti kwa furaha. "Kompyuta hiyo, mama! Kompyuta hiyo!"

Safari ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Programu ikaniambia mchezo umebaki hatua moja: malkia wangu apande mpaka mbele ya mfalme wa Mama Tabu, basi. Nikatoka chooni narudia mdomoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Malkia, mbele ya mfalme wake. Malkia, mbele ya mfalme wake.

Kwenye kioo cha simu, malkia ni mfupi na mfalme ni mrefu, kama dunia nzima.

Nikaketi. Nikanyoosha mkono kwa madaha. Nikashika kete fupi.

Wakuu, kete zile nilizipiga msasa mwenyewe, moja moja, kwa mikono hii. Nilipoona nimemshika mfalme nikamwachia kama kaa la moto.  Mama Tabu pengine angenisamehe.

Aliyepiga kelele ni Fundi Salehe. Miaka thelathini kwenye ubao wa vizibo, ulimi wake haukumngoja:

"Aaa-aa! Ukishika umecheza!"

Kisha akajisikia alichosema. Akaweka kiganja mdomoni. Mkewe akamwangalia tu.

Mfalme wangu alikuwa na nafasi moja ya kukanyaga, nayo ilimtoa nje wazi, ngome ya Mama Tabu imfuate kama kisu kinavyomfuata mbuzi. Hatua mbili, kwisha. Bingwa wa dunia alikuwa mfukoni mwangu, ana joto bado, ameshinda kila alichoulizwa.

"Sasa niletee hilo kopo," akasema Mama Tabu.

"Kopo, mama?"

"Umekwenda chooni mara tatu, kopo limejaa. Limerudi mara tatu, limejaa. Ama wewe una miujiza, ama una simu."

Nilikuwa sijamwaga hata tone. Nilikuwa na programu inayoona mamilioni ya njia, na haikuona kopo.

Bi Asha akaangua kicheko mpaka ungo ukamponyoka. "Na mimi nishabandika mchaichai, mtoto wa watu anaumwa!"

Fundi hakucheka. Aliinuka, akakusanya patasi zilizobaki mezani, akaanza kuzifunga kwenye kitambaa. Moja moja, taratibu.

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Nikatoa simu nikaiweka mezani.

"Mama, uongo ni wangu. Fundi hajui chochote. Kompyuta ninayoifunga ni ile ya level ya tatu, ya watoto. Seti zake hazina kosa, usimwache kwa ajili yangu."

Mama Tabu akaigeuza simu kifudifudi. "Simu iache hapo hapo. Panga kete. Tucheze, wewe na mimi."

Akanifunga kabla mchaichai haujachemka. Nikamwomba tena. Safari hii nilipigana, nikalalamika, nikashika kichwa, nikamuuliza ile ngome ilitokea wapi, akanionyesha, nikacheka, nikafungwa. Nikamwomba ya tatu. Nilishasahau kwamba ni mtihani. Nilitaka kujua tu.

Ya tatu ilipokwisha akavua miwani.

"Wageni wangu wote wana simu," akasema. "Ukiiweka juu inakuchinja. Ukiishusha inacheza kama malaika, halafu ghafla inakuachia malkia bure, kama mtu aliyezimia. Hakuna raha. Wewe lakini unafungwa vizuri. Unateseka. Mtu akikufunga anaona amefanya kazi."

Sikujua nishukuru au nilie.

"Kwa hiyo nimepata kazi, mama?"

"Ya kufungwa. Utaiweza?"

"Hiyo ameanza zamani," akasema Bi Asha.

Kisha Mama Tabu akamgeukia Fundi. "Na wewe, fungua hicho kitambaa. Nataka zote nilizosema, na malkia abaki hivyo hivyo alivyo."

Fundi akafungua. Kwa siku mbili hakuniita Profesa. Siku ya tatu akanitupia msasa na kusema, "Haya, Kopo, kazi." Na jina hilo ndilo ninalo mpaka leo.

Sasa niko barazani hotelini, na miezi mitatu nimeshaivuka, minne nimeivuka. Nimefungwa na watu wa nchi ambazo nikioneshwa ramani sizipati. Nimefungwa na maharusi wanaopokezana hatua na kubusiana katikati. Nimefungwa na bibi mmoja ambaye muda wote alikuwa anafuma sweta. Wote wameondoka na furaha, na wawili wamerudi.

Tatizo limeanza hivi karibuni. Ukifungwa kila siku na watu tofauti, na ukiuliza kila mmoja amekufungaje, unaanza kujua. Wiki iliyopita nikamfunga mpima ardhi mmoja mstaafu. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe. Mzee wa watu akaacha chai yake mezani, akaenda chumbani.

Mama Tabu akaniita jikoni. "Kopo, umeanza kuniharibia biashara?"

Kwa hiyo wakuu, kwa mara ya kwanza maishani nina kazi ambayo siitaki kuiacha, na kinachoweza kuniondoa ni maendeleo.

Nilichojifunza ni kwamba siku ile mashine haikushindwa. Kila nilichoiuliza ilijibu sawasawa. Aliyeshindwa ni mbebaji. Unaweza kuazima akili ya kumfunga bingwa wa dunia, lakini mkono wa kushika kete ni wako, na huo ulikuwa na mambo yake.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Mtu anafungwaje kwa makusudi bila mwenzake kujua? App haisaidii, nimeshaeleza inavyozimia. Karibuni mchangie, na kucheka mnaruhusiwa, Bi Asha ameshawatangulia.

Na yule atakayenishauri nirudi kwenye simu, kwanza aniambie maji ya kopo nayamwaga wapi.