Chumvi ya Saidi

Juzi pale Kariakoo nilipita kwenye magunia ya chumvi yaliyolowa mvua, na harufu yake ikanikumbusha mdogo wangu Saidi. Tulipokuwa watoto, aliugua akavimba uso na miguu. Daktari alimkataza chumvi kwa ajili ya figo, lakini mimi nilidhani mama anamwadhibu.

Mchana mmoja mama alisinzia kwa uchovu. Saidi aliusukuma uji.

"Dada, hauna ladha."

Nilifungua pindo la kanga, nikamtilia punje nilizoficha. Alikunywa wote, akalamba kijiko.

Mama aliamka, akaona bakuli tupu. "Umemnyweshaje, mwanangu?"

Nilikaza fundo la kanga.

Kesho yake macho ya Saidi hayakufunguka kwa uvimbe. Mama akanikabidhi bakuli tena, maana kwangu ndiko alikokunywa. Nami, kwa huruma, nikafungua pindo.