Mto Unaorudi na Mfereji Usiorudi

Mlio wa beseni la bati likigonga ukuta wa mfereji ninausikia mpaka leo, mwanangu. Ko, ko, ko, likienda zake. Ilikuwa mchana, hapa hapa Katwe, nami nilikuwa mdogo kama wewe. Ndani ya beseni kulikuwa na yunifomu ya Afande Okot, polisi wa kambi ya jirani ambaye mama yangu alikuwa akimfulia, na kesho yake alikuwa na gwaride la kupandishwa cheo.

Juu yetu jua lilikuwa kali. Mvua ilinyesha upande wa Makerere, kilimani mfereji unakotoka, sisi hatukujua. Mama alikwenda bombani kuchota maji ya kusuuzia, akaniambia nikae na nguo. Mara mfereji ukajaa, maji ya rangi ya chai yakapanda mpaka ukingoni yakalinyanyua beseni. Mkono wangu ulifika kabisa. Badala ya kulishika, nikalipungia.

Usinicheke kwanza. Jirani yetu, Bibi Zainabu, mjane wa mwanajeshi, alizaliwa kule Rufiji, Tanzania, karibu na mto unapoingia baharini. Alipenda kutusimulia mto huo. Bahari ikijaa, inausukuma urudi nyuma. Maji matamu yanapanda mpaka kwenye majaruba ya mpunga, udongo unakunywa, kisha bahari ikipwa yanashuka. Mababu zake walilima hivyo wakitazama mwezi, na kabla ya kufungua tuta walionja maji, maana yenye chumvi yanaua mpunga. Mimi, mtoto wa kuota mchana, nikaamua mito yote ina tabia hiyo.

Mama akarudi na jerikeni.

"Nguo ya Afande iko wapi?"

"Imeenda kidogo, Mama. Jioni inarudi."

"Inarudi na teksi?"

Mafundi wa karakana ya jirani wakaangua kicheko. Bibi Zainabu hakucheka. Alikaza kanga kiunoni, akanishika bega.

"Mjukuu wangu, mto wetu unarudi kwa sababu bahari inausukuma. Huu nani ausukume? Unatoka vilimani kule, unapita hapa, unaingia ziwani upande wa Luzira. Ziwa nalo linamwaga maji yake Jinja, ndiyo Nile hiyo, mpaka Misri. Nani huko atamrudishia Afande shati lake?"

"Basi tufanye nini, Bibi?"

"Unaniuliza ukiwa umesimama? Kimbia."

Tukakimbia kando ya mfereji, yeye anahema na bado anafundisha. Zamani, alisema, kabla ya zege, hapa palikuwa na kijito na mafunjo tele. Maji yalitembea polepole, majani yakishika kila kitu. Sasa yana barabara yao, hayamsubiri mtu. Tulipofika darajani, shati lilikuwa limenasa kwenye nguzo kati ya chupa za plastiki.

"Banange, jamani, polisi amezama?" akauliza muuza ndizi.

Tukalivuta kwa mti. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umechanika. Suruali haikuonekana tena.

Sijazeeka, mwanangu, lakini hili nalijua vizuri. Ota, tena ota sana, mimi bado naota. Ila ukifika mahali, uliza maji ya hapo yanatoka wapi na yanakwenda wapi, usiyapime kwa maji ya kwingine. Watu nao ni hivyo: yupo ambaye atarudi mwenyewe, yupo wa kufuatwa sasa hivi. Kinachoondoka wakati mkono wako bado unakifikia, kishike. Ndiyo maana nikiona wingu Makerere naanua vitu vyangu hata kama hapa kuna jua, na majirani wamezoea, wananifuata.

Mungu akupe macho ya kuona mvua iliyo mbali, akupe miguu myepesi, na siku moja atufikishe mimi na wewe Rufiji tuuone mto ukigeuka. Tutafika tu.

Jioni ile Mama alikaa kitandani akitafuta maneno ya kumwambia Afande. Nililikunja lile shati likiwa bado bichi, nikavuka uwanja wa kambi ya polisi peke yangu, nikasimama mlangoni kwake nikasema hodi.