Wagonjwa wa Ng'ambo ya Pongwe

Miaka ile ya hamsini, sindano za kifua kikuu zilipofika hospitali ya mjini Tanga, sisi wa Muheza tulizisikia kama habari za harusi tusiyoalikwa. Dada yangu alikuwa akikohoa damu tangu Ramadhani. Shangazi yetu aliyekaa Nguvumali, mlemle mjini, alikwisha kumfagilia chumba na kumtandikia kitanda. Kilichobaki ni karani wa hospitali kumwandika.

Nasi tulijua masharti yake. Sindano ilikuwa ya kila siku, miezi kwa miezi, kwa hiyo mtu wa ng'ambo ya Pongwe, nje ya mji kama sisi, haandikwi, eti atakatiza dawa. Ndani ya basi nikamfundisha mama: "Ukiulizwa, sema twakaa Nguvumali." Wala haukuwa uongo. Lakini mama alikuwa amepakata pakacha la machungwa, na nilipomsihi amwachie shangazi, alinijibu kwamba mkono mtupu haulambwi.

"Shikamoo, mama. Mnakaa wapi?" karani aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Nguvumali." Akamsogezea pakacha. "Haya wapelekee watoto. Nimeyachuma mwenyewe leo, shambani kwetu Muheza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Karani akafunga daftari. Nikamweleza habari za shangazi na kile chumba, nikamwomba atume mtu akaone. "Mgonjwa wa Muheza akatibiwe Muheza," akasema. Kwa dawa gani? Zahanati yetu ilikuwa na chupa za dawa ya kikohozi, basi. Machungwa aliyapokea. Nilimlaani palepale, mama akanifinya, na laana ile sijaifuta mpaka leo.

Tukarudi na basi lililojaa watu, dada akikohoa katikati yao njia nzima. Hilo halikumsumbua mtu yeyote pale hospitalini. Mama alijilaumu kwa ulimi wake, nami nilikasirika zaidi kuona lawama imemwangukia yeye.

Dada alifariki wakati wa mvua za vuli.

Mwaka uliofuata bwana mmoja wa afya kutoka mjini alikuja Muheza kutuhutubia. Alijigamba kwamba mjini kifua kikuu kinapungua, kwetu kinazidi, tuige usafi wa wenzetu. Watu wakapiga makofi. Mama, ambaye hakuwahi kusema mbele ya mkutano, akasimama.

"Bwana," akasema, "wangu mimi alikuwa mgonjwa wenu. Mlimrudisha afie huku, ndipo kwenu mkapungukiwa na mmoja."