Mistari Miwili ya Wifi Hadija

Nakumbuka siku niliyoangusha mikorosho nikijiona mjanja. Mwanangu, hapa mtaani Lizaboni mnanijua nikiwa mtu mzima, lakini wakati ule nilikuwa mke kijana kule kijijini Nalasi. Serikali ilikuwa imefungua biashara ya mazao. Wanunuzi binafsi walifuata mahindi kwa malori hadi vijijini, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Nami nikapata tamaa.

Mume wangu alikuwa amelazwa hospitali ya Peramiho, mama mkwe akimuuguza. Nyumbani tulibaki mimi na wifi yangu Hadija, aliyepooza miguu tangu utotoni. Shamba letu lilikuwa na mikorosho kwa mistari, na kati ya mstari na mstari nafasi pana ya mahindi na karanga. Mistari miwili iliyo jirani na nyumba nikaiona inatia kivuli mahindi yangu. Nikaita vijana wenye mashoka. Hadi adhuhuri, yote ilikuwa chini.

Mama mkwe aliporudi nilimkimbilia. “Shikamoo mama! Njoo uone shamba lilivyopanuka!”

Aliketi palepale kwenye vumbi, mikono kichwani.

“Hiyo ilikuwa ya Hadija,” akasema. “Nilimpandia karibu na mlango, atambae aokote korosho zake mwenyewe auze, asimwombe mtu hata sabuni.”

Nikamgeukia wifi yangu. Maana Hadija alikuwepo! Alikaa mlangoni akitazama mti mmoja baada ya mwingine ukianguka.

“Wifi, mbona hukusema?”

“Wewe ndiye uliyekuwa unanipikia,” akajibu taratibu. “Niliogopa.”

Laiti angenitukana. Sikujua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu ananiogopa.

Nilipanda upya kwa mikono yangu, nikilima karanga katikati miche ilipokuwa midogo. Misimu kadhaa Hadija alikaa bila chake. Alipookota korosho za kwanza hakunionyesha. Alizifunga kwenye khanga yake, akaingia ndani. Ilikuwa haki yake.

Mwanangu, unapokwenda kushika shamba, mikorosho ipe nafasi, katikati ulime chakula. Kivuli kikizidi, punguza matawi, usikate shina. Na kabla hujainua shoka, muulize yule asiyeweza kukukatalia, kisha usubiri mpaka akujibu.

Mwenyezi Mungu akubarikie jasho lako, na wanaokula mkononi mwako wasikuogope kamwe. Amin.