Nilifanywa supervisor nikaacha kupiga chaki, sketi thelathini na sita zikarudi

Krrrrr.

Hiyo ni sauti ya mshono ukipasuliwa kwa mikono miwili. Nimeishi na vitambaa tangu nimalize shule, nimesikia vikichanwa mara nyingi, lakini huo mmoja wa Alhamisi ile bado nausikia vizuri.

Wakuu, niaje. Wengi mnanijua kwa utani huku, leo nimekuja na yangu mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Kuna mahali sikai vizuri kwa hii stori na nimeacha hivyo hivyo.

Ninashona uniform za shule kwa karakana moja juu ya maduka, si mbali na Gikomba. Mwenyewe ni Mzee Mutua, mtu wa Machakos, ndiye anakata vitambaa. Sisi mafundi ni wanane, wanawake watupu.

Kazi yetu inapita mkono kwa mkono. Mzee akishakata, supervisor anapokea vipande, halafu Mama Akinyi anaviunga, Fridah anatia marinda, wengine zipu, vifungo na kupiga pasi.

Mwaka huu supervisor wetu, Aunty Rose, aliacha kazi akafungua kibanda chake. Mzee akaniita mimi.

Wakuu, mimi ni mtu wa ndoto. Form four nilimaliza na D+, lakini kichwani nina kiwanda tayari, hata rangi ya geti najua. Kwa hivyo hiyo siku nilitembea hadi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Isitoshe, kanisani kwetu tulikuwa tumefanyiwa semina ya vijana kuhusu servant leadership. Kiongozi ni mtumishi, kiongozi anainama kwanza. Nilikuwa nimeandika yote. Nikanunua daftari mpya, nikayanakili ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu.

Sasa sikieni nilichofanya.

Aunty Rose alikuwa na tabia moja. Kabla kipande chochote kifike kwa mashine, alikuwa anakigeuza, anapiga X ya chaki kwa mgongo wa kitambaa. Kila kipande. Mikono yake ilikuwa nyeupe kutoka asubuhi mpaka jioni, na chaki kwa nywele. Tulikuwa tunamcheka tukimwita Mwalimu.

Mimi nilipoingia niliona hiyo si kazi ya supervisor. Kitambaa kina uso na mgongo, fundi mzima si atajua? Nikaweka chaki kwa droo. Nikawa natembea kati ya mashine na daftari, naandika nani amemaliza ngapi, nani amechelewa.

Fridah alikuwa ananiambia, "Madam, ukipita hapa tena nitakusalimia kwa saluti."

Nilicheka. Nilidhani ni heshima.

Baada ya wiki mbili hivi, tukapeleka sketi za navy blue kwa shule moja. Alhamisi zikarudi. Thelathini na sita.

Ngoja nieleze kwa wale hawashoni. Hiyo navy blue, uso na mgongo zinafanana sana. Ndani ya nyumba huoni tofauti. Msichana akisimama juani ndio unaona kipande kimoja kinang'aa na jirani yake kimefifia, kama sketi mbili zimelazimishwa kuoana. Vipande vilikuwa vimeungwa vingine uso, vingine mgongo.

Mzee Mutua hakupiga kelele. Alichukua ya juu, akaishika huku na huku.

Krrrrr.

"Nani aliunga hii?"

Mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Akanigeukia mimi.

"Wewe ndio supervisor. Ni nani?"

Nikafungua daftari. Nikapitisha kidole kwa mistari, pole pole, kama mtu anatafuta.

"Ni Mama Akinyi, mzee."

Mama Akinyi ndiye mkubwa wetu. Ametoka Siaya, ni mjane, amekaa kwa hiyo mashine kabla mimi nianze nursery. Ndiye alinifunza kushika mkasi nilipoingia hapo bila kujua chochote.

Mzee akamwambia, "Mama, Jumatatu usije."

Alikunja leso yake. Halafu akafanya kitu ambacho kila mtu alikiona. Alichukua mkasi wake, akashuka ngazi.

Kwetu mkasi ni wa fundi mwenyewe, unaning'inia kwa msumari kando ya mashine, hata ukienda ushago kwa likizo unauacha hapo. Fundi akiondoka na mkasi, ameenda, harudi.

Saa ya lunch nilikaa karibu na Fridah. Akasogeza sahani yake ya githeri mbali nami.

"Madam, hebu nikuulize. Ile chaki uliimeza?"

"Fridah, usianze."

"Naanza. Unafikiri Aunty Rose alikuwa anapenda kuchora? Mama Akinyi haoni uso na mgongo wa navy blue. Miaka miwili sasa. Alikuwa anaunga kwa ile X."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie haoni, ndio umwandike kwa hiyo daftari?" Akaendelea kula. "Anasomesha wajukuu wawili na hiyo mashine. Lakini andika tu, madam, andika."

Githeri ilinishinda.

Jioni wenzangu walipoanza kufunika mashine, nilienda kwa meza ya kukatia.

"Mzee, kosa ni langu. Supervisor ndiye anapiga chaki na mimi niliacha."

Aliniangalia juu ya miwani. "Uliacha kwa nini?"

Ningeweza kusema nilisahau. "Niliona ni kazi ya chini."

"Kwa hivyo sasa unataka nifukuze wawili?"

"Nirudishe kwa mashine kama ni lazima. Lakini yeye arudi."

Mzee alikunja kipimo chake, akakikunjua, akakikunja tena. "Shule inafungua Jumanne. Sketi zote zikiwa sawa Jumatatu asubuhi, nitamwita. Zisipokuwa sawa, nyinyi wawili mtafute kwingine. Na usichukue fundi kwa line yangu, kuna order ingine."

Basi Ijumaa nilikaa chini, kwa kigoda, na wembe. Kufumua si kama kushona. Ukishona akili inatembea, ukifumua lazima uangalie kila uzi, ukiteleza umekata kitambaa na sketi imekufa. Asubuhi nzima nilimaliza tano. Nilifanya hesabu ya hizo zilizobaki nikaona nikikaa hapo peke yangu nitakuwa nimeshindwa.

Mchana Fridah alikuja na lunch yake mkononi, akaketi sakafuni kando yangu, akavuta sketi.

"Si kwa sababu yako," akasema.

"Najua."

"Nataka tu ujue."

"Fridah, nimesema najua!"

Baadaye akaja wa zipu, baadaye wa pasi. Kila mmoja alitoa saa yake ya lunch, Ijumaa na Jumamosi, kwa ajili ya Mama Akinyi. Hakuna aliyeniita madam tena, na ile semina sikuitaja kwa mtu. Mimi nilikuwa nageuza vipande, napiga X, naunga. Jumamosi saa kumi ile ya mwisho ilishuka kutoka kwa pasi.

Nilitembea moja kwa moja hadi Shauri Moyo, kwa Mama Akinyi.

Nilimkuta nje ya mlango, anachagua maharagwe kwa ungo. Alikuwa anayasogeza karibu sana na uso.

"Karibu, supervisor."

"Mama, usiniite hivyo tafadhali."

"Si ndio kazi yako?"

Nikachutama nikaanza kuomba msamaha, nikalia pia, mimi huwa nalia haraka. Aliendelea kuchagua maharagwe mpaka nikamaliza.

"Mtoto wangu, kusema jina langu hukunikosea. Mimi ndio nilishona hizo sketi. Umenikosea mahali pamoja. Ulikuwa unajua ni mimi. Mbona ulikuwa unatafuta kwa daftari? Ungeniangalia tu."

Nikamwambia kwamba mzee atampigia simu, arudi keshokutwa. Akasema ataona. Akanipa uji, nikanywa, nikaenda.

Jumatatu mzee alikagua sketi moja moja pale nje kwa jua. Zikaenda. Akapiga simu. Mama Akinyi alifika saa nne akaketi kwa mashine yake. Lakini mkasi alikuwa anautoa kwa mkoba na kuurudisha kwa mkoba. Msumari ulibaki mtupu.

Bado mimi ni supervisor, mzee hakusema lolote tena. Mikono yangu sasa ni nyeupe, na kuna msichana mpya nilimsikia akinong'ona "Mwalimu". Poa tu.

Nilichojifunza, wakuu: semina ilikuwa sawa, mimi ndiye nilisikia vibaya. Nilidhani kuinama ni kitu kikubwa utafanya siku moja watu wakikuona. Kumbe ni ile kazi ndogo inayofanya mwenzako aweze kazi yake bila kuomba. Na pengine hutajua inamsaidia nani mpaka uiache. Hata nyumbani nimeanza kujiuliza ni kitu gani mama yangu hufanya kimya kimya na sisi tumezoea.

Nyinyi je? Kuna aliyepewa kacheo akaacha kitu hivi? Mwenye kunichapa pia achape, nitasoma zote.

La mwisho, hili sijaambia hata Fridah.

Karakana yetu ina dirisha moja tu la maana, na meza ya supervisor ndiyo imekuwa hapo siku zote. Jumanne nilifika mapema, nikafungua na ufunguo wa mzee. Nikasukuma meza yangu mpaka kule nyuma kwa stoo. Halafu nikaanza kuvuta mashine ya Mama Akinyi. Ile miguu ya chuma ni mizito, nilikuwa nasogeza upande mmoja, napumzika, nasogeza ule mwingine.

Ilipofika dirishani niliketi kwa kiti chake. Nikachukua kipande cha navy blue, nikakigeuza huku na huku kwa mwanga.

Nikaona uso, nikaona mgongo.