Picha za Harusi Zilizofungwa na Wezi

Juzi nilikuwa kwenye studio moja ya picha hapa Ipogolo. Mume wa mwenye studio alifungua barua pepe ya mtu asiyemjua, na papo hapo kioo cha kompyuta kikajaa maandishi mekundu: picha zenu zote tumezifunga, lipeni tuwafungulie.

Akashika simu atafute hela. Mkewe akamzuia mkono. "Mwizi akikuuzia ufunguo wa nyumba yako, wa akiba anabaki nao."

Mama huyo akachomoa waya wa intaneti, akampigia dada yake wa Kihesa, anayemtunzia nakala za picha kwenye diski. Kila Ijumaa humpelekea mpya. Wateja tukapumua, isipokuwa binti mmoja aliyefunga ndoa Jumamosi.

"Zako hazimo, mdogo wangu," mwenye studio alimwambia taratibu. "Na kadi ya kamera nimeshaifuta. Nisamehe, nitawapiga picha upya bure."

Binti akazungusha pete kidoleni. "Gauni ninalo," akasema. "Kazi ni kumvalisha mume wangu suti mara ya pili."

Nami nimenunua diski. Atanitunzia mama mkwe, maana hajawahi kusahau kitu.