Siku Babu Alipoacha Isale Nyumbani

Nikipanda mlimani kwetu Kirua msimu wa kahawa, harufu ya maganda yanayochacha kando ya mashine ya kumenyea hunipokea kabla ya watu. Ni harufu kali, yenye utamu wa kitu kinachooza, na wageni huziba pua. Mimi husimama nikaivuta, maana ndiyo iliyokuwa hewani mwaka ule Babu alipokwenda kupatana na mdogo wake.

Nisikufiche kitu, Babu alikuwa amekosa. Wakati wa kiangazi alifungulia maji ya mfereji yaingie kwenye kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, siku ambayo haikuwa zamu yetu. Mdogo wake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Babu Mdogo, alipokuja kuuliza, Babu alimjibu mbele ya majirani kwamba mtu asiye na mtoto anamwagilia ili nani ale. Maneno gani hayo jamani. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na kilichowatenganisha ni mstari wa migomba tu, hata Babu Mdogo alipoanza kuumwa kifua.

Babu alikuwa mzee wa kanisa. Ibada ya nyumba kwa nyumba ilipofika kwetu, watu walijaa sebuleni. Sisi watoto macho yetu yalikuwa kwenye birika, tukiomba kimoyomoyo mama fulani jirani asipewe nafasi ya kusali, kwa sababu akianza yeye, chai inapoa. Somo lilikuwa lile la mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache hapo, aende kwanza akapatane naye. Babu aliinamisha kichwa. Asubuhi ile alikuwa amekata jani la isale uani, jani refu ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Lilikuwa benchini, kando yake.

Mwinjilisti alikuwa kijana mpole, mgeni kwetu, amekulia kwenye mashamba ya miwa kule tambarare. Aliliona jani akauliza ni la nini. Alipoelezwa, na kuambiwa kwamba hupandwa pia makaburini kwa wazee, alitikisa kichwa.

"Mzee, hayo ni mambo ya mizimu. Damu ya Yesu inatosha."

Bibi hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Yesu ametuambia twende tukapatane," alisema. "Sisi huku ndivyo tunavyokwenda."

"Mama, aende na Neno," mwinjilisti alimjibu kwa upole.

Nani angebishana na Neno? Ibada ilipokwisha, Babu alichukua Biblia, akaliacha jani palepale benchini, akanishika mkono tukaondoka.

Babu Mdogo tulimkuta mlangoni kwake juu ya kigoda, blanketi mabegani. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri. Babu hakukaa. Alifungua Biblia akasoma somo lote, kisha akasema, "Neno linatutaka tupatane." Babu Mdogo aliitazama mikono ya kaka yake. Halafu akaitazama na yangu, ambayo haikuwa na kitu.

"Asante kwa ibada, kaka," alisema polepole. "Mungu akubariki."

Tulirudi nyumbani. Bibi alipouliza, Babu alijibu neno moja tu: "Amekataa." Kahawa ilikuwa haijaisha kuchumwa Babu Mdogo alipofariki.

Baada ya hapo Babu aliacha uzee wa kanisa. Jumapili za Meza ya Bwana, watu wote walipokwenda mbele, yeye alibaki amekaa benchini peke yake. Nilidhani ni magoti. Siku moja nikamwambia nitamshika mkono twende wote, akanipapasa kichwa. Alibaki hivyo mpaka tukamzika.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomtembelea mjane wa Babu Mdogo. Alikuwa anamenya ndizi. Nilimuuliza jambo lililonisumbua miaka yote: kwa nini mzee wake alikataa kumsamehe Babu?

Kisu kilisimama. "Alikataa nini, mwanangu? Kaka yake alikuja kumsomea Biblia, kama wazee wa kanisa wanavyowasomea wagonjwa. Mzee wangu alifurahi siku ile. Aliniambia niwe nafagia uani kila asubuhi, maana kaka ameanza kuja, sasa ataleta isale."

"Ukafagia mpaka lini?"

"Mpaka walipokuja kupanga viti vya msiba."

Nililia pale pale, mbele ya ndizi zake. Utotoni niliamini kwamba mmoja aliomba na mwingine akakataa. Kumbe Babu Mdogo hakujua kama ameombwa. Nilifikiria kumlaumu mwinjilisti, na nisiseme uongo, bado nina kinyongo naye kidogo. Lakini zaidi namwona Babu kwenye benchi lile la kanisani, mwaka baada ya mwaka, akijinyima mkate na divai kwa kosa ambalo ndugu yake alikuwa tayari kumsamehe.